Dume wa Sungura Asiyezalisha: Chunguza Hewa ya Banda Kabla ya Kumchinja

Wafugaji wa sungura wa Kivule, Chanika na Goba, hali hii mnaijua: dume anapanda vizuri, lakini jike akipapaswa tumbo siku ya 14 hakuna kitu, au anazaa watoto wawili tu. Lawama humwendea jike, kisha chakula. Hewa ya bandani haiulizwi, na katika jiji lenye moshi kama Dar es Salaam ilipaswa kuulizwa mapema.

Ushahidi wa wanyama wa maabara ni wa miaka mingi. Panya dume waliovutishwa moshi wa dizeli au wa sigara wameonekana kutoa mbegu chache, zenye mwendo dhaifu na zenye maumbo mabovu. Chembe ndogo za moshi zikifika ndani ya mapafu huchochea kemikali kali mwilini, na utando wa mbegu ya kiume, wenye mafuta mengi, huharibika upesi. Utafiti unaonigusa zaidi ni wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2004. Panya walifugwa kwa wiki 10 mjini Hamilton, karibu na viwanda vya chuma na barabara kuu. Waliopata hewa iliyochujwa walirithisha watoto wao mabadiliko ya vinasaba kwa kiwango cha chini kwa karibu nusu kuliko wale waliovuta hewa ileile bila kichujio. Wengi wetu tunafuga mahali pa namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo, anza na moshi wako mwenyewe. Usichome taka, hasa plastiki na matairi, karibu na banda. Jenereta na jiko la mkaa vikae mbali, na kumbuka kwamba upepo wetu hugeuka: kusi ikivuma katikati ya mwaka moshi unaelekea upande mmoja, kaskazi ikiingia kuanzia Novemba au Desemba unarudi upande wa pili. Mahali palipo salama mwezi Julai panaweza kuwa pabaya Januari.

Viuatilifu visihifadhiwe bandani hata siku moja. Mvuke wa DBCP, dawa ya kuua minyoo fundo ya udongoni inayoshambulia mizizi ya mimea, ulionekana kusinyaza korodani za wanyama wa maabara katika utafiti wa mwaka 1961. Onyo hilo halikuzingatiwa ipasavyo, na mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja California wakagundulika hawana mbegu au wana chache mno. Inaniuma kila nikiona chupa ya dawa imening'inizwa juu ya vizimba.

Mkojo nao hutoa amonia. Hiyo huumiza zaidi njia ya hewa, dume akapunguza kula na hamu ya kupanda. Ingia bandani alfajiri kabla ya kufungua, uchuchumae mpaka pua yako ifikie usawa wa kizimba. Macho yakichoma, ondoa kinyesi na maranda yaliyolowa siku hiyohiyo.

Lakini usizibe banda kwa kuogopa moshi wa jirani. Joto la zaidi ya nyuzi 30 huharibu mbegu za sungura pia, na Desemba hadi Machi sisi tunaishi humo. Madume wote wakidorora miezi hiyo, shuku joto kwanza: weka kivuli, paa refu na maji ya kutosha.

Ukisharekebisha hewa, subiri. Mbegu ya sungura huchukua takribani siku 50 kutengenezwa, na siku kadhaa zaidi kukomaa, kwa hiyo dume huhitaji kama miezi miwili kupata mbegu mpya kabisa. Wafugaji wengi huchinja dume mzuri katikati ya muda huo. Baada ya hapo mpandishe kwa majike wawili waliokwisha kuzaa vizuri, uandike tarehe. Wote wawili wakikosa mimba, mwite afisa mifugo wa kata amkague vidonda vya sehemu za siri kabla hujanunua dume mwingine.