Homoni ya kujivua: imevunjwa au imefungiwa tu?

Homoni ya kujivua, yaani 20-haidroksiekdisoni, ikipungua kwenye damu ya kiwavi, usikimbilie kusema imeisha. Huenda imeharibiwa kabisa, au imefungiwa kando ije itumike baadaye. Kipimo cha kingamwili peke yake hakitakusaidia sana, kwani kingamwili nyingine hunasa hata mabaki ya homoni.

Hatua ya 1. Chagua viwavi wa rika moja. Tazama kichwani: gamba la zamani likiteleza mbele na nyuma yake kukajitokeza uvimbe mweupe, kujivua kumekaribia. Anzia hapo kuchukua damu, kila baada ya saa chache, hadi ngozi itoke. Homoni isiposhuka, mdudu hajivui.

Hatua ya 2. Toboa mguu wa tumboni kwa sindano. Tone likitoka tu, liingie kwenye methanoli baridi, angalau mara tatu ya ujazo wake. Ukizubaa, damu inageuka nyeusi na vimeng'enya vinaendelea na kazi humo kichupani.

Hatua ya 3. Zungusha kwenye sentrifuji, chukua kimiminika cha juu, gawa mafungu mawili na ukaushe methanoli yote. Moja liache. La pili liyeyushe kwenye bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya asetati ya pH 5 hivi, tia vimeng'enya vya konokono Helix pomatia, vinavyobandua kilichobandikwa kwenye homoni, liache usiku kucha kwenye nyuzi 37. Ongeza fungu la tatu lenye bafa na vimeng'enya pekee, bila damu; ni la kulinganishia, usiliruke.

Hatua ya 4. Pitisha yote kwenye kromatografia ya kimiminika (mbinu ya kutenganisha kemikali), safu ya C18, ukisoma mwanga wa nanomita 242 hivi; kila kemikali inayofyonza mwanga huo huonekana kama kilele kwenye grafu.

Hatua ya 5. Sasa soma. Kilele cha 20-haidroksiekdisoni kikikua baada ya vimeng'enya vya konokono, sehemu ya homoni ilikuwa imefungiwa kwa kubandikwa kitu. Mayai ya nondo wa hariri hufanya hivyo: fosfeti hubandikwa kwenye kaboni ya 22, kisha hubanduliwa kiinitete kinapokua. Kilele cha homoni kisipokua, na vilele vya mwanzoni kabisa vikabaki palepale, shuku asidi zinazotokana na CYP18A1, kimeng'enya kinachoshambulia kaboni ya 26. Hizo hazirudi. Kilele kilicho jirani na cha homoni kinaweza kuwa umbo la homoni hiyo lililogeuzwa kwenye kaboni ya 3, kazi ya utumbo wa kati wa viwavi. Usikihukumu bila sampuli halisi ya kulinganisha.

Kundi likila tu bila kujivua, litupe: bakulovirusi (virusi wanaoambukiza viwavi) wana kimeng'enya chao, EGT, kinachobandika sukari kwenye homoni ya kiwavi, nawe utakuwa unapima kazi ya kirusi.