Kung fu ya bajeti ndogo: ikague kabla hujaipandisha bandani

Nina banda la video Chikongola, Mtwara mjini. Kiingilio mia tano. Msimu wa korosho vijana wakishuka kutoka Tandahimba na Newala, wengine wanatazamia mlangoni. Mtu akishatoa mia tano yake ana haki ya kuona ngumi ya kweli, kwa hiyo muvi mpya haipandi kabla sijaikagua. Nawe mwenye banda fanya hivi.

Kwanza zima sauti. Ule mlio wa kipigo unapachikwa baadaye, na ngumi iliyopita hewani inasikika imevunja mbavu. Sogeza mpaka katikati, tafuta pambano, tazama miguu. Stelingi akionekana unyayo hadi utosi, teke likaanza, likapaa na kutua bila picha kukatwa, hiyo chukua, hata kama wanapigana kwenye uwanja mtupu na nguo zimepauka. Uhaba wa pesa si kosa. Jackie Chan na Sammo Hung walilelewa katika shule moja ya opera ya Kichina huko Hong Kong, wakafunzwa sarakasi na mapigano tangu utotoni. Mwili wa namna hiyo hauhitaji seti ya kifahari. Kinachoudhi ni teke kuanza, kamera ikarukia uso wa adui, halafu adui yuko chini tayari. Hapo ujue hakuna anayejua kupigana.

Waangalie na wale wa nyuma. Maadui sita wamemzunguka mtu, mmoja anapigwa, watano wanachezesha mikono wakingoja zamu. Vijana wa hapa wanaliona hilo upesi, miluzi inaanza.

Kava usiliamini. Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973, na haukupita muda wakazuka akina Bruce Li na Bruce Le. Soma jina herufi kwa herufi. Bruce Li mwenyewe alikuwa anaweza. Wa kulaumiwa ni waliomuuza kwa jina la marehemu.

Za ninja za miaka ya 1980 zinataka jicho kali zaidi. Mwongozaji Godfrey Ho alikuwa anachukua muvi nyingine ya Asia, anaichomekea vipande vipya vya wazungu waliovaa nguo za ninja, mara nyingi Richard Harrison akiwemo, kisha anaziunga kwa mazungumzo ya simu. Dalili yake ni hii: watu wawili wanaongea muvi nzima, lakini hawaonekani pamoja hata mara moja, na rangi ya picha inabadilika kila simu inapohamia upande wa pili. Mteja anatoka hajui nani alikuwa anamtafuta nani.

Ukiwa nayo hiyo na huna nyingine, andika wazi ubaoni kwamba ni ya kuunga, ipandishe saa nane mchana kwa nusu ya kiingilio. Ya saa mbili usiku, watu wakitoka sokoni na feri, iwe ile uliyoitazama mwenyewe mpaka mwisho.