Kutibu nyufa za bodi na uvujaji wa maji kwenye Land Cruiser pikapu ya zamani

Pikapu za Toyota Land Cruiser HZJ75 za miaka ya 1990 na HZJ79 zilizozifuata mwaka 1999 zinafanana kwa mambo matatu: kioo cha mbele kimeshikwa na mpira, paa lina mfereji wa maji pembeni, na kabini imekaa juu ya chasisi kwa maunti za mpira. Kwenye sehemu hizo tatu ndiko uvujaji mwingi na nyufa nyingi huanzia.

Gereji nyingi hukimbilia puti na silikoni. Gari linatoka linang'aa, masika ikiingia kapeti limeloa tena na ufa umechungulia pale pale. Ufa una kinachoutikisa, na maji yana njia yanayopita. Usipoviondoa hivyo viwili, umepaka rangi tu. Kwa hiyo fuata mpangilio huu kama ulivyo, na panga kazi wakati wa kiangazi, maana kabini itakaa wazi siku nne hadi tano.

Hatua ya 1: Hakikisha ni maji ya mvua

Toa viti, kapeti na magodoro ya chini ya kapeti. Chovya kidole kwenye unyevu uliobaki sakafuni. Unyevu huo ukiwa na utelezi, rangi na harufu tamutamu, hayo ni maji ya rejeta yanayotoka kwenye kipasha joto nyuma ya dashibodi. Tatizo hilo si la bodi. Maji safi upande wa abiria yanayotokea siku za jua pekee, AC ikiwa imewashwa, yanatokana na bomba la kutolea maji ya AC kuziba. Lizibue kwa waya laini.

Hatua ya 2: Mwagia maji kuanzia chini kwenda juu

Kazi hii inahitaji watu wawili: mmoja nje na bomba la bustani lisilo na presha, mwingine ndani na tochi. Kausha sakafu kabisa, kisha nyunyiza vumbi la chaki sakafuni na chini ya dashibodi. Tone la kwanza litachora mstari wake kwenye chaki.

Anza na vizibo vya sakafu na matundu ya nyaya kwenye ukuta wa injini. Panda kwenye matundu ya hewa chini ya kioo, halafu pembe za chini za kioo, nguzo za pembeni, kioo cha nyuma, na umalizie na mfereji wa paa. Kila sehemu ipewe dakika tatu nzima kabla ya kusogea. Ukianza na paa, maji yatashuka na kupita kila mahali, wala hutajua yameingilia wapi.

Gari lenye mkonga (bomba la nje linalovuta hewa ya injini kutoka juu) likaguliwe zaidi kwenye nguzo ya kioo. Bano la mkonga limefungwa kwa matundu yaliyotobolewa kwenye nguzo yenyewe, na yasipozibwa, maji hushuka ndani ya nguzo na kutokea miguuni mwa dereva. Watu hubadilisha mpira wa kioo mara mbili kumbe shida ni tundu la milimita 8.

Weka alama ya rangi kila palipovuja. Usizibe chochote bado.

Hatua ya 3: Tafuta mwisho halisi wa ufa

Ufa unaouona kwa macho ni mfupi kuliko ufa wenyewe. Kwangua rangi sentimita 5 kila upande hadi chuma kiwe cheupe. Paka mafuta ya taa, yaache dakika kumi yapenye, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka pasibaki unyevu. Sugulia chaki nyeupe juu yake na usubiri. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatarudi juu na kuchora mstari mwembamba mweusi, kama unywele umelazwa kwenye chaki. Mstari huo unapoishia ndipo ufa unapoishia.

Toboa tundu la milimita 3 pale pale, si kabla yake. Ncha ya ufa ni kali na nguvu zote za mtikisiko hukusanyika hapo. Tundu la duara huzisambaza. Tundu likikosea ncha kwa milimita 2 tu, ufa utaendelea chini ya kiraka chako.

Hatua ya 4: Ondoa kinachotikisa

Kagua maunti za kabini. Ingiza mtaimbo kati ya chasisi na kabini, nyanyua kidogo. Mpira uliopasuka, uliobonyea ukawa kama chapati, au bolti inayocheza, vyote vibadilishwe, na maunti zibadilishwe seti nzima. Mpya moja kati ya kuukuu huinua pembe moja ya kabini na kuizungusha, na nyufa mpya hutokea kwenye pembe za juu za milango.

Nyufa za bodi ya mizigo hukaa kwenye pembe za madigadi za ndani na kwenye mizizi ya nguzo zinazoshika mlango wa nyuma. Sababu yake ni bolti za bodi zilizolegea, au mlango wa nyuma kuachwa wazi ukakanyagwa na wapakiaji wenye magunia. Kaza bolti, badilisha mbao au mipira iliyokwisha chini ya bodi, na funga minyororo ya mlango iwe na urefu sawa.

Ukikuta ufa kwenye chasisi yenyewe, simama. Hiyo ni kazi ya fundi wa chasisi mwenye vipimo, na gari lisibebe mzigo hadi iishe.

Hatua ya 5: Kuchomelea

Chomoa waya zote mbili za betri na plagi ya oltaneta. Jua mabomba ya dizeli na ya breki yanapita wapi. Kwangua lami ya kuzuia sauti sentimita 15 kuzunguka kazi, maana hushika moto upande usiouona. Mtu mmoja akae upande wa pili na ndoo ya maji na kitambaa kibichi. Kibano cha athi (waya wa kurudisha umeme kwenye mashine) kikae sentimita 20 kutoka unapochoma. Ukikifunga kwenye chasisi, umeme utatafuta njia kupitia beringi.

Bati la kabini halifiki hata milimita moja na nusu, kwa hiyo fimbo ya kawaida ya umeme ya milimita 2.5 italitoboa. Tumia mashine ya MIG (ya kuchomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe) yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8. Piga vipande vya sentimita moja moja, ruka kutoka pembe moja hadi nyingine, na usirudi mahali hadi paweze kuguswa kwa mkono. Ukichoma mstari mmoja mfululizo, bati litajikunja kama jani lililokauka.

Ufa mfupi kuliko sentimita 3 uchimbe kidogo kwa grenda, uuchomelee, kisha uusawazishe. Ufa mrefu zaidi unataka kiraka cha shiti ya chuma cheusi ya geji 20, kipite ufa kwa sentimita 3 kila upande, pembe zake zikiwa za mviringo. Pembe ya mraba huanzisha ufa mwingine. Paka praima ya zinki ya kuchomelea kati ya kiraka na bodi, la sivyo kutu italala katikati.

Usitumie bati la kuezekea. Ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua moshi wake humpa fundi homa jioni ya siku hiyo hiyo. Na ukikuta sehemu iliwahi kuungwa kwa shaba, kata shaba yote uitoe. Chuma hakishiki juu yake.

Hatua ya 6: Ukuta wa masta ya klachi

Sehemu hii inastahili muda wako. Masta ni pampu ndogo ya mafuta inayosukumwa na pedeli ya klachi. Kila mguu unapokanyaga klachi, masta inausukuma ukuta wa injini, na baada ya miaka ukuta huanza kupumua. Mwambie mtu akanyage pedeli taratibu huku wewe ukitazama masta kutoka upande wa injini. Ikisogea kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, ukuta umechoka, hata kama ufa haujatokea. Dereva atalalamika klachi haikati vizuri, na fundi asiyejua atabadilisha masta bure.

Masta inayovuja huongeza ubaya, kwa sababu mafuta ya breki hula rangi, na chuma kilicho uchi hushika kutu. Osha eneo lote kwa maji na sabuni kabla ya kukwangua.

Toa masta, ziba bomba lisiingie uchafu, chomelea ufa kama hatua ya 5. Kisha kata pleti ya milimita 2, takriban sentimita 12 kwa 15, itobolewe sawasawa na matundu ya masta, na ichomelewe kwa vituo kuzunguka kingo zake zote. Pleti ienee mbali na bolti ili nguvu igawanyike. Kumbuka pleti imeisukuma masta mbele kwa milimita 2: rekebisha urefu wa fimbo ya pedeli, kisha toa upepo.

Hatua ya 7: Kioo cha mbele

Toa kioo kwa kusukuma kutoka ndani, ukianza na pembe ya juu, mwenzako akipokea nje. Chini ya mpira, hasa pembe mbili za chini, utakuta kutu. Kwangua mpaka chuma kizima. Palipotoboka kata na uchomelee. Paka dawa ya kugeuza kutu, praima ya epoksi, kisha rangi, na uache ikauke kabisa. Mpira mpya juu ya ukingo uliolika utavuja siku ya kwanza.

Vika mpira kwenye kioo. Ingiza kamba ya nailoni ya milimita 5 kwenye mfereji wa mpira unaoshika bodi, ncha mbili zipishane sentimita 20 katikati ya chini. Paka maji ya sabuni, kamwe si grisi wala oili, maana huvimbisha mpira. Weka kioo mahali pake, mwenzako akibonyeza kwa kiganja kutoka nje, wewe ndani uvute kamba taratibu kuelekea katikati ya kioo. Utaona mdomo wa mpira ukiruka ukingo wa bati, kidogo kidogo, na kulala ndani. Ukigoma, usitumie bisibisi. Rudisha sabuni, bonyeza tena.

Malizia kwa gundi ya vioo isiyokauka, chini ya midomo ya mpira. Silikoni yenye harufu ya siki usiilete hapa. Asidi yake hula chuma, na rangi haishiki palipopita silikoni.

Hatua ya 8: Viungo, mfereji wa paa na milango

Kwangua lami ya zamani iliyopasuka kwenye mfereji wa paa, tibu kutu, jaza silanti (gundi ya kuzibia) ya poliurethani. Fanya hivyo pia pande zote mbili za kila kiraka. Hukauka kama milimita 3 kwa siku, kwa hiyo usipake donge nene.

Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida; yanatakiwa yatoke chini. Zibua matundu ya chini ya mlango, na kama plastiki ya nyuma ya bitana imechanika, kata mpya ya nailoni nzito na uigandishe kuzunguka yote.

Hatua ya 9: Puti na rangi

Puti huja baada ya praima ya epoksi, isizidi milimita 3. Kichocheo ni asilimia 2: puti ya ukubwa wa ndimu kwa kichocheo cha punje ya mbaazi. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa itaanza kuganda ndani ya dakika tano, kwa hiyo changanya kidogo. Piga msasa mkavu, namba 80 kisha 180. Msasa wa maji usiguse puti tupu, kwani hunywa maji na kuyapeleka kwenye chuma. Msasa namba 400 utumike juu ya praima.

Hatua ya 10: Rudia jaribio

Subiri saa 24 baada ya silanti kukauka, rudisha chaki sakafuni, mwagia maji kwa mpangilio ule ule. Kapeti lisirudi hadi mvua moja ya kweli ipite. Baada ya kilomita 500 za barabara ya vumbi, kaza tena bolti za maunti na za bodi ya mizigo, na uitazame pleti ya klachi mtu akiwa amekanyaga pedeli.