Kuchora kitanzi cha Mirihi kwa bikari

Mirihi huenda mashariki kati ya nyota, ikasita, ikarudi nyuma wiki kadhaa, kisha ikashika tena njia yake. Itafanya hivyo kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Aprili 2027. Wagiriki iliwaumiza kichwa, maana walishashikilia kwamba vya mbinguni huenda kwa duara na kwa mwendo usiobadilika. Eudoxus, mwanahisabati wao, alitunga matufe 27 yenye kitovu kimoja, Dunia. Ufundi upo, lakini Mirihi ikirudi nyuma hung'aa mno. Kama umbali ni uleule, mng'ao huo watoka wapi?

Jibu lililodumu ni la duara juu ya duara: sayari iko kwenye duara dogo, na kitovu cha duara hilo huenda juu ya duara kubwa. Mwanafalaki Ptolemy wa Alexandria alilikamilisha karne ya 2. Wanafunzi wangu huwa hawaliamini mpaka walichore.

Kwenye karatasi ya manila piga duara la nusukipenyo sm 10, katikati weka nukta: Dunia. Kwenye duara tia alama tano, kila moja digrii 16 kutoka mwenzake. Kila hatua ni siku 30. Kutoka alama ya kati chora mkono wa sm 6.6, yaani nusukipenyo cha duara dogo, ukielekea Dunia moja kwa moja. Ncha yake ndiyo Mirihi. Alama inayofuata kinyume cha saa, zungusha mkono digrii 30 kinyume cha saa pia, na nyingine 30 kwenye ya mwisho. Upande wa pili fanya vivyo hivyo, kwa mwelekeo wa saa. Pembe ya mkono ipime kwa ukingo wa karatasi, si kwa mstari unaotoka Duniani. Hapo ndipo wengi huharibu.

Unganisha ncha, kisha zitazame ukiwa Duniani: mbele, nyuma, mbele. Ncha ya kati iko sm 3.4 tu kutoka Dunia, za pembeni zaidi ya sm 5. Mng'ao umejieleza.

Sasa uangalie huo mkono. Digrii 30 kwa siku 30, yaani mzunguko mmoja kwa mwaka: mwendo wa Jua! Jua linaingiaje kwenye hesabu ya Mirihi? Ni kwa sababu mkono huo ni mwendo wa Dunia yenyewe kulizunguka Jua. Mgiriki Aristarchus wa Samos, karne nne hivi kabla ya Ptolemy, alikuwa ameshaliweka Jua katikati na Dunia ikilizunguka.

Jaribu na Mshtarii: mkono sm 1.9, alama tisa za digrii 2.5. Mkono uzungushe digrii zilezile 30 kila hatua.