Somo: Kupata mawazo ya kupamba nyumba kwa mafundi na maduka madogo ya Mji Mkongwe

Ndugu wanachama, wengi wenu mmeniandikia mkiomba mwongozo wa kupamba sebule na vyumba vya kulala kwa kazi za mikono za pwani, na karibu kila ombi limeambatana na picha ya chumba cha hoteli. Picha hizo zinapendeza, lakini hazifundishi, kwa sababu hazionyeshi kitu kimeungwa vipi, kina unene gani, wala kwa nini kimewekwa pale kilipo. Mambo hayo huonekana kwa fundi, mahali ambapo kitu bado kiko vipande vipande. Somo hili linaeleza namna ya kuyatafuta katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ambao hadi leo una wachongaji, mafundi wa makasha na maduka madogo ya kifamilia. Anayeishi Lamu, Mombasa au Dar es Salaam atazifuata hatua zizo hizo kwa mafundi wa kwao.

Hatua ya kwanza: Kijue chumba chako kabla hujatoka

Pima urefu, upana na kimo cha chumba, pima nafasi iliyopo kati ya dirisha na kona, kisha uandike jua linaingilia wapi asubuhi na wapi jioni. Halafu andika kwa sentensi moja shida ambayo chumba hicho kinakupa: kina giza, kina joto, kina mwangwi, au kina ukuta mrefu mtupu ambao hujui uufanyeje. Utembee na sentensi hiyo. Asiye na shida ya kutatua hununua kila kinachomvutia, na mwisho wake anakuwa na sebule yenye vitu vizuri ambavyo havisemezani.

Hatua ya pili: Anzia kwenye karakana

Maduka mengi ya mitaa ya Hurumzi na Gizenga yamepangwa kwa ajili ya mgeni mwenye haraka, na si vibaya kuyapitia, lakini yaache yawe ya mwisho. Toka asubuhi, wakati fundi ameshaanza kazi na wateja bado hawajamzonga, ufuate sauti ya nyundo na patasi. Salimia, omba ruhusa ya kutazama, ukae kando. Ukimaliza kwa wachongaji, nenda Darajani kwa mikeka na vikapu, halafu Mchangani kwa kanga na vitambaa. Siku hiyo ya kwanza usinunue kitu chochote.

Hatua ya tatu: Chagua kitu kimoja, ukisome mpaka ukielewe

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huipuuza.

Chukua mlango. Kila mtu anaisifu milango ya Zanzibar kwa nakshi zake, lakini simama mbele ya mlango mmoja wa zamani na utazame nakshi hizo zimekaa wapi hasa. Utaziona kwenye miimo ya pande mbili, kwenye kizingiti cha juu, na kwenye mfaa, ule upapi uliosimama katikati mlango ukifungwa. Kwenye mwimo, ukingo wa nje mara nyingi una mnyororo uliochongwa, na ndani yake hupanda maua na majani kutoka chini hadi juu. Mbao zenyewe za mlango, ambazo ndizo zenye eneo kubwa zaidi, kwa kawaida zimeachwa tupu, au zimepigwa safu za vifundo vya shaba basi. Iwe ni milango ya kizingiti kilichonyooka, ambayo ni mtindo wa zamani zaidi, au ile ya upinde yenye athari za India iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19, utaratibu ni huo huo: pambo limewekwa mpakani, na uwanja umeachwa upumzike.

Sasa urudishe utaratibu huo kwenye chumba chako. Ukitaka kabati lenye sura ya pwani, huna haja ya kuchongesha milango yote. Chongesha fremu inayoizunguka, uache mbao za katikati ziwe laini na zionyeshe mishipa ya mti. Kioo cha ukutani kitapendeza kikiwa na fremu ya nakshi juu ya ukuta wa rangi moja, na kitapotea kikining'inizwa juu ya ukuta wenye karatasi ya maua. Gharama nayo itashuka, kwa kuwa malipo makubwa ya mchongaji ni ya saa anazokaa na patasi.

Mkeka wa ukindu unafundisha jambo jingine. Ugeuze, utazame upande wa nyuma, nawe utaona kwamba mkeka haukusukwa kwa upana wake wote mara moja. Msusi husuka kwanza ukili, utepe mwembamba na mrefu sana, kwa chane zilizochanwa kwa ukucha au kwa kisu na kuchemshwa katika rangi, kisha tepe hizo hushonwa ubavu kwa ubavu hadi upana unaotakiwa upatikane. Ndiyo maana hata mkeka wenye rangi kali, wa zambarau na kijani na nyekundu, hauchoshi macho: kila rangi kali imewekwa katika mstari mwembamba na imekaa karibu na rangi ya ukindu mtupu. Mwenye sebule iliyopoa anaweza kuifuata kanuni hiyo kwenye mito ya viti, kwenye pindo la pazia au kwenye utepe mmoja wa rangi ukutani, akaacha sehemu kubwa iliyobaki katika rangi ya asili. Aidha, kwa kuwa upana unatokana na idadi ya kili zilizoshonwa, unaweza kuagiza mkeka wa kipimo cha ujia wako, jambo ambalo zulia la kiwandani halikupi.

Fundisho la tatu linatoka Lamu, na nalileta kwa sababu mafundi wa Unguja nao wanalijua. Katika nyumba za mawe za karne ya 18 pale Lamu, ukuta wa chumba cha ndani umejaa vidaka vya chokaa, yaani vijumba vidogo ndani ya ukuta, safu juu ya safu, vilivyowekwa sahani za kaure na vitu vya thamani. Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa. Upana wa chumba ulizunguka mita 3 au chini yake. Vidaka viliupa ukuta kina, navyo havikula nafasi ya sakafu. Wengi wetu leo tuna vyumba vyembamba kama hivyo, tukavijaza makabati yanayotokeza. Ukuta wa tofali la inchi 6 haufai kuchimbwa, lakini seremala anaweza kukutengenezea fremu yenye visanduku vya kina cha sentimita 12 hivi, ikapigwa rangi ile ile ya ukuta, nawe ukapata kina hicho bila kugusa tofali.

Hatua ya nne: Zungumza na fundi habari za kazi

Bei iache mwisho. Uliza huu ni mti gani, umekaa muda gani tangu upasuliwe, na sehemu ipi ya kazi inamchukua muda mrefu zaidi. Mvule, msaji, mkangazi, mninga na mfenesi havifanani kwa uzito, rangi wala namna vinavyopokea patasi, na fundi atakuonyesha tofauti hiyo kwa vipande vilivyo sakafuni mwake. Kisha mweleze ile sentensi ya shida yako. Nimeona mara nyingi kwamba wazo bora kabisa hutoka kwenye jibu atakalokupa hapo, kwa sababu fundi amekwisha kukutana na chumba chenye giza au ukuta mtupu kabla yako, tena katika nyumba za watu wa mji huu huu.

Kuhusu bei, nina msimamo. Kupatana juu ya kitu kilichokwisha kutengenezwa ni desturi yetu na hakumuudhi mtu. Kuibana bei ya kazi ya kuagiza ni jambo tofauti, kwa kuwa kinachopunguzwa ni muda wa kukausha mbao na kupiga msasa, na hasara yake utaiona nyumbani kwako baada ya miezi michache. Ukiona gharama imekuzidi, punguza ukubwa wa kitu au eneo la nakshi.

Hatua ya tano: Rudi na vipande

Nunua kipande kifupi cha ukili, omba kibao cha mti uliochagua, nunua doti moja ya kanga. Vipange mezani ndani ya chumba chenyewe, uvitazame asubuhi, adhuhuri na usiku chini ya taa yako. Kinachogoma kukubaliana na wenzake kiondoe.

Hatua ya sita: Agiza kwa maandishi

Peleka mchoro, hata kama ni wa mkono, wenye vipimo vya sentimita. Usiseme "kubwa kiasi". Andikeni nakala mbili zinazotaja mti, vipimo, mahali pa nakshi, arubuni iliyotolewa, kiasi kilichobaki na siku ya kukabidhiana. Ombeni pia siku moja ya kuiona kazi kabla haijapigwa vanishi, kwa sababu baada ya vanishi marekebisho yote ni magumu.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Tanga: Mwalimu, shikamoo. Mimi nimepanga chumba na sebule, na mwenye nyumba haruhusu kutoboa ukuta hata kwa msumari mmoja. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Fanya kazi na vitu vinavyosimama au kuegemea. Seremala akutengenezee fremu ya mbao nyepesi ya kimo cha mtu, ambayo utaitandazia kanga na kuiegemeza kwenye ule ukuta mtupu. Kanga usiikate, iache na pindo lake lote na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lisomeke, kwa kuwa mchoro wake umepangwa kwa kipande kizima. Usiielekeze kwenye jua la moja kwa moja, maana pamba hiyo ni nyepesi na rangi yake hupauka. Siku ukihama, fremu itafunguliwa nayo itaingia hata kwenye bajaji.

Swali, kutoka Nairobi: Je, ni vibaya kupiga picha kazi ya mchongaji wa Zanzibar, kisha nikampelekea seremala wa mtaani kwangu anitengenezee kwa bei nafuu?

Jibu: Ndugu yangu, mitindo ya kale kama mnyororo na maua ya mlangoni ni ya watu wote wa pwani, na hakuna anayeweza kukuzuia kuitumia. Lakini mchoro ambao fundi ameubuni mwenyewe, au ameuchora kwa ajili yako mlipokuwa mkizungumza, ni jasho lake. Mwombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukitaka kuutumia mchoro wake kwingine, mweleze wazi na mkubaliane malipo ya mchoro peke yake. Wapo mafundi wanaokubali kwa moyo mweupe, na wapo wanaokataa, anayekataa aheshimiwe. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona vijana wenye mikono mizuri wakiacha kubuni, wakabaki kunakili, baada ya michoro yao kuchukuliwa bila hata asante.

Swali, kutoka Ujerumani: Nataka kusafirisha vinyago vya mpingo pamoja na mlango wa zamani. Kuna vikwazo?

Jibu: Vipo. Mpingo na karibu jamii yake yote iliingizwa katika jedwali la pili la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2017. Kwa sasa bidhaa zilizokamilika ambazo uzito wa mti huo hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zimesamehewa kibali, lakini thibitisha na mamlaka za misitu na forodha za nchi zote mbili kabla ya kufunga mzigo. Kuhusu mlango, nakusihi uuache. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inailinda milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, na Zanzibar nayo ina mamlaka yake ya kulinda Mji Mkongwe. Zaidi ya sheria, kila mlango unaoondoka huacha nyumba yenye bati mahali pa nakshi. Mchongaji aliye hai atakuchongea mpya, wa kipimo cha nyumba yako.

Swali, kutoka Muscat: Assalaam alaykum, mwalimu. Tuliagiza kasha kutoka Zanzibar kwa ndugu zetu, likafika salama, lakini baada ya miezi mbao za kifuniko zimepasuka. Fundi alitudanganya?

Jibu: Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Si lazima. Mbao zilizozoea unyevu wa Unguja zikiingia katika nyumba ya kiyoyozi hupoteza maji na kusinyaa, na zikiwa zimebanwa kwa gundi na misumari pande zote hazina pa kwendea, hivyo hupasuka. Mkiagiza tena, mwambieni fundi tangu mwanzo kwamba kitu kitakaa kwenye kiyoyozi, mumlipe ziada ili atumie mbao zilizokaushwa vizuri, na mumwombe ubao wa katikati aupachike ndani ya mfereji wa fremu bila gundi, ili uweze kusinyaa na kutanuka. Kwa kasha mlilonalo, lisogezeni mbali na mkondo wa hewa baridi na msubiri mpaka ufa uache kuongezeka; hapo ndipo seremala ataweza kuuziba kwa kibanzi chembamba cha mti ule ule. Mkiuziba mapema, utafunguka kando ya kibanzi.