Namna ya kuotesha msambu kutoka kwenye mti uliobaki shambani

Ukitazama milima ya Amani kutoka mbali, kijani ni kijani. Ukiingia ndani ndipo unaona palipokatwa magogo pameota mti uitwao mhesi. Kwao mhesi ni Kagera na Uganda. Huku Usambara Mashariki uliletwa kupandwa, hondohondo wakapenda matunda yake, wakatawanya mbegu kila kona. Mimi siwezi kuuita huo msitu wetu wa asili. Ndiyo maana kila mwaka naotesha misambu, ule mti wa mafuta ya kupikia waliotuachia bibi zetu.

Mbegu usifuate hifadhini. Wazee walipofungua mashamba ya iliki na migomba waliacha misambu imesimama, na mingi ipo hadi leo. Okota chini ya hiyo. Tafuta mti jike, kwa kuwa msambu una jike na dume, na dume hutoa maua tu. Nakusihi, dume usilikate. Jirani yangu alikata la mpakani akisema halizai, na mimi iliniuma kweli: bila dume, majike yatazaa kwa chavua ya nani?

Tunda likiiva hudondoka lenyewe. Liwahi, maana panya buku nao wanalisubiri. Lirundike na mengine kivulini siku chache mpaka nyama ilainike, kisha sugua mbegu kwa mikono na uzioshe.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mbegu ya kukamua mafuta huanikwa juani. Ya kupanda usiianike hata siku moja, ikikauka imekufa. Mwaka wangu wa kwanza nilizika mbegu na maganda yake, nikangoja zaidi ya mwaka mzima, zikaota chache sana. Siku hizi nabandua ganda gumu kwa kisu kidogo, taratibu, nisijeruhi kiini. Kisha nazifunga kwenye mfuko mweusi wa plastiki pamoja na udongo wa msituni wenye unyevu, nauweka gizani. Kila wiki naufungua, natoa zilizooza, nanyunyiza maji kidogo. Hata hivyo hazioti kwa pamoja. Moja leo, nyingine miezi kadhaa baadaye. Usimwage mfuko kwa kukata tamaa.

Iliyochipua ihamishie kwenye kiriba, yaani kimfuko cha kukuzia mche, chini ya kivuli. Shambani ipande katikati ya migomba mwanzo wa masika. Jua kali huibabua. Panda mingi, kwa sababu huwezi kujua mche upi ni jike mpaka utoe maua, na hilo huchukua zaidi ya miaka kumi. Ukiwa na haraka ya matunda, mbebeshe mche kikonyo cha mti jike, yaani unganisha kijitawi cha mti jike kwenye shina la mche.

Kuzunguka kila mche ng'oa vichipukizi vya mhesi vingali vidogo. Mimi hufanya hivyo asubuhi baada ya mvua, udongo ukiwa laini, mzizi unatoka wote.