Kupanga safari za ndege za miji midogo zisife mwaka wa kwanza

Independence Air ya Marekani ilianza Juni 2004 na jeti za viti 50, ikafunga Januari 2006. ExpressJet, pia ya Marekani, ilianza kuuza safari kwa jina lake yenyewe Aprili 2007, ikaacha Septemba 2008. Flybe ya Uingereza ilifufuliwa Aprili 2022, ikasimama tena tarehe 28 Januari 2023. Kila moja ilikuwa na sababu zake, lakini biashara hii ina ugonjwa mmoja wa kudumu: ndege hulipiwa kila siku, na huingiza pesa ikiwa angani tu. Kwa hiyo anza na saa, ramani itafuata.

Chukua njia ya kilomita 300. Ndege ya mapangaboi kama ATR 72 hukata takriban kilomita 500 kwa saa ikishatulia juu, lakini usiandike dakika 36. Hesabu tangu inapoondoka kwenye maegesho hadi inapozima injini upande wa pili. Kutembea ardhini, kupanda, kushuka na kusubiri zamu ya kutua hufikisha dakika 55 hadi 60. Ongeza dakika 30 za kushusha, kusafisha, kujaza mafuta na kupakia, ndipo kila safari inakula saa moja na nusu. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku zinaingia safari 9. Wewe andika 8, maana ya 9 ingeiacha upande wa pili, na ndege lazima ilale kituo kikuu, waliko mafundi. Na kama uwanja wa mji mdogo hauna taa za njia ya kurukia, safari zake zote zinabanwa kati ya mawio na machweo. Ukiacha nafasi ya kuchelewa, zinabaki 6. Bei ya ukodi, hata hivyo, haishuki kwa sababu jua limezama.

Sasa vichwa, yaani idadi ya abiria. Tuseme, kwa fedha yoyote ile, safari moja ya ndege ya viti 48 inagharimu 4,400: mafuta, ukodi, marubani, matengenezo, ada za kutua. Tiketi inauzwa 150. Toa 30 za kodi na ada ya abiria, toa 10 za wakala na malipo ya kadi, zinabaki 110. Gawanya: unahitaji abiria 40, sawa na asilimia 83 ya viti. Hapo ndipo wengi hushawishika kuchukua ndege ya viti 70, kwa kuwa gharama ya kila kiti inashuka. Safari inapanda hadi 5,280, asilimia inayotakiwa inashuka hadi 69, na karatasi inapendeza. Lakini tazama vichwa: vimetoka 40 hadi 48. Mji unaotoa watu 38 kwa safari hautoi 48 kwa sababu umeleta ndege kubwa. Panga kwa vichwa; asilimia hazinunui tiketi.

Ukubwa wa ndege una ngazi zake pia. Kwa kanuni za nchi nyingi, ndege ya viti visivyozidi 19 huruka bila mhudumu, hadi 50 inataka mhudumu mmoja, na kiti cha 51 kinaleta wa pili. Ndiyo maana ndege nyingi za daraja hili zimesimamia viti 19 au 50.

Usitawanye safari. Mteja anayelipa nauli nzuri anataka kwenda asubuhi na kurudi jioni ileile. Mji mmoja wenye safari mbili kwa siku huuza kuliko miji miwili yenye moja moja.

Soma mkataba wa ukodi kwa kidole. Ukikodi ndege pamoja na marubani, matengenezo na bima, mwenye ndege huweka kiwango cha chini cha saa kwa mwezi. Ukiahidi saa 200 ukaruka 130, unalipa 200 vilevile, na kila saa uliyoruka imekugharimu mara moja na nusu. Anza na kiwango cha chini kinachopanda kwa hatua: miezi mitatu ya kwanza kidogo, kisha kamili.

Kwa marubani, ndege inayoruka saa 7 kwa siku hufikisha takriban saa 2,500 kwa mwaka. Katika nchi nyingi ukomo wa rubani ni saa 900 kwa mwaka, lakini ukitoa likizo, mafunzo na ugonjwa, hesabu 700. Hiyo ni jozi za marubani karibu 4, ajiri 5. Makapteni ndio hukosekana kwanza, kwa kuwa mashirika makubwa huwachukua wakiwa wameshaiva.

Ukiwa na ndege moja, gurudumu moja likiharibika kijijini limefuta siku nzima. Weka kule gurudumu la akiba, jeki na betri, na mtu mwenye leseni ya kuvifunga.

Fedha ya tiketi isiyosafiriwa ni deni. Usiilipie mshahara. Kampuni ya kadi ikikushuku itaizuia hadi abiria asafiri, na hapo ndipo mashirika hukauka ghafla. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1008/2008 inamtaka mwombaji wa leseni aonyeshe anaweza kubeba gharama za miezi mitatu ya kwanza bila kuhesabu mapato yoyote. Kwa njia za miji midogo tungesema sita.

Ruzuku nayo ina tarehe ya mwisho. UDAN, mpango wa India wa kusaidia safari za ndege za miji midogo, ulianza kwa kufidia njia kwa miaka mitatu. Piga hesabu ya mwaka wa nne kabla ya kusaini wa kwanza.

Mwisho, andika kigezo cha kuiacha njia kabla hujaianza, kwa mfano abiria chini ya 32 kwa wastani mwezi wa sita. Kikifika, funga mauzo kwanza, ruka safari zote zilizokwisha kuuzwa, waambie mawakala, halafu ndipo urudishe ndege.